Bustani Hupimwa Mwezi wa Saba



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, wiki hii tunaomba tuweke kando mambo ya mitihani ya madrasa tuzungumze kuhusu miti. Msicheke! Ni jambo linalotukera, na tutaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita tuliwatoa watoto wa madrasa tukapanda miche 40. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha, udongo laini, kila mtoto anajua mche wake. Picha zikapigwa, juisi ikanywewa, dua ikasomwa. Mwishoni mwa mwezi wa tano mvua ikakatika, kama kawaida ya Bujumbura. Likizo kubwa ikaingia, watoto wakatawanyika, na sisi walimu tukaenda na shughuli zetu. Tuliporudi mwezi wa tisa tulikuta miche 6 hai. Hiyo 6 ilikuwa karibu na mlango wa mama mmoja, ambaye kila siku alikuwa akimwaga hapo maji aliyooshea mchele na lengalenga. Yeye hakuwa hata kwenye picha.

Tangu hapo, tukisikia miche imepandwa mahali fulani, swali letu ni moja: mwezi wa saba atakuwepo nani?

Baada ya mafuriko ya usiku wa tarehe 9 Februari 2014, yaliyoua makumi ya watu Kamenge, Kinama na kwingineko kaskazini mwa mji, kila mtu aliongelea miti. Mwaka 2018 serikali ikaanzisha mpango wa "Ewe Burundi Urambaye" wa kuivika nchi miti. Ni kazi nzuri. Lakini sisi wananchi tumezoea kuhesabu miche siku ya kupanda na kuisahau siku ya kiu.

Sasa tuje nyumbani. Hapa Rohero tuna Jardin Public. Maharusi huja kupiga picha, wengine huja kukimbia asubuhi, na watoto wa Buyenzi, ambao nyumba zao zimebanana hata kamba ya kuanikia nguo haina pa kufungwa, hupata pale mahali pa kupumua. Wako wanaosema bustani ile ni kazi ya wakuu wa mji, wana wafanyakazi wao. Kweli. Lakini mbona tukikuta pamechakaa tunalalamika kama ni petu, na tukikuta kazi tunasema ni pa wakuu?

Wenzetu wa Nairobi wana bustani kubwa ya miti, Arboretum, yaani mahali ambapo miti ya aina nyingi hukusanywa na kutunzwa ili watu wajifunze. Ilianza mwaka 1907, wakoloni wakitafuta miti inayokua upesi ili wapate kuni za garimoshi. Leo ni kama hekta 30 za kivuli, jirani kabisa na Ikulu. Kilichotuvutia zaidi ni kwamba mwaka 1993 wakaazi wa mji waliunda chama cha marafiki wa bustani ile, wakawa wanasaidiana na wakuu wa misitu kuitunza. Hawakungoja wapewe bustani iwe mali yao. Na karibu zaidi na sisi, kule Ruhande, Huye, nchini Rwanda, iko nyingine iliyoanza miaka ya 1930, yenye aina zaidi ya 200 za miti.

Hatusemi Jardin Public igeuke Ruhande. Tunasema kila familia, au kila darasa la madrasa, iombe kitalu kimoja tu cha kutunza mwaka mzima. Iombe, tafadhali! Tusiingie na majembe bila idhini ya wenye dhamana, tukang'oa walichopanda kwa kudhani ni magugu.

Kupendeza mwaka mzima kunahitaji hesabu kidogo. Mvua zikinyesha hata nyasi hupendeza bila kuombwa. Bogenvilia hupenda jua, hivyo ndiyo itakayobeba kiangazi. Mwisho wa mwaka huja ule mti wa maua mekundu ambao wenzetu wa Tanzania huuita mkrismasi (sisi wa Rohero tumeuzoea kwa jina la Kifaransa, flamboyant, na heri tubaki nalo!), na mwembe nao unaanza kuangusha matunda. Mche mchanga ndio wenye shida: udongo wa shina lake ufunikwe kwa majani makavu usikauke, na maji utiwe baada ya Alfajiri au karibu na Magharibi, si saa saba mchana.

Maji yenyewe yatoke wapi, wakati bomba la nyumbani linakauka siku mbili? Hapa walimu wa fiqhi tunalo la kusema. Maji machache yaliyokwisha kutumika kwa udhu wa faradhi, kwa madhehebu yetu ya Shafi, hayatawadhiwi tena. Mche hauna mas-ala hayo! Watu 50 wakitawadha kwa lita 3 kila mmoja, zinakwenda mtaroni lita 150, na hizo zingenywesha miche 15 kwa lita 10 kila mmoja. (Na tukumbuke kwamba Mtume, Swalla Allahu alayhi wasallam, alikuwa akitawadha kwa mudi moja, isiyofika hata lita. Hilo tuliache kwa siku nyingine.) Ndoo chini ya bomba na bidoni mbili tatu zinatosha kuanzia.

Hadithi ya mti uliopandwa na Muislamu, kwamba akila humo mtu, ndege au mnyama anaandikiwa sadaka, watoto wetu wanaihifadhi kwa moyo. Lakini mti haujaliwa na ndege ukiwa umekufa mwezi wa nane. Tunawafundisha pia kwamba Ibn al-Awwam wa Sevilla aliandika katika karne ya 12 kitabu kikubwa cha kilimo, kikitaja mimea zaidi ya 500. Mtihani wanafaulu. Ukiwauliza jina la mti wanaokaa chini yake wakisubiri darasa, wanatazamana.

Kwa hiyo wanafunzi wa darasa la juu tumewapa kazi ya likizo: kila mmoja achague mti mmoja, atafute jina lake kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, na aandike kila Ijumaa umekuwaje. Wazazi, msiwaandikie. Na yule mama wa maji ya mchele tumemwomba awe msimamizi wa zamu za kumwagilia. Amekubali, kwa sharti kwamba walimu nao wawe na zamu. Ya kwetu ni Jumatano.