Pointi za Duka na Hesabu ya Kikapu



Wasomaji wetu wapenzi, mama zetu na dada zetu, juma hili twawaandikia tukiwa tumerejea karibuni kutoka Giakanja, karibu na mji wa Nyeri, tulikokwenda kumtazama mpwa wetu aliyejifungua. Mtu aliyezoea joto la pwani hujifunza adabu mpya huko. Asubuhi ukungu hushuka mpaka mlangoni, chai hupoa kabla ya kufika mdomoni, na mazungumzo yote huhamia jikoni penye moto. Hapo ndipo mpwa wetu alipoteremsha mkebe wa biskuti kutoka juu ya kabati na kuufungua mbele yetu.

Ndani mlikuwa na kadi tatu za maduka makuu, fungu la risiti zilizokwisha kufifia, kuponi mbili zilizokatwa kwa makasi, na vocha moja ya shilingi 1,000 aliyopewa mumewe kazini. "Mama mdogo," akasema, "hii ndiyo akiba yangu. Nataka viatu vya skuli vya mwanangu mkubwa vitoke humu." Tulimwambia alete kalamu na karatasi, tuhesabu pamoja.

Hesabu haikutupendeza. Katika duka alilolizoea, hupewa pointi moja kwa kila shilingi 100 anazotumia, na kila pointi ni shilingi moja anapoikomboa. Kwa miezi kumi na mmoja alikuwa amenunua vitu vya shilingi 61,200, naye akajipatia pointi 612, yaani shilingi 612. Lakini duka liko mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 100. Alikwenda mara mbili kila mwezi, safari ishirini na mbili. Tukimpa haki yake, nusu ya safari hizo alikuwa na haja nyingine, kama kliniki au benki. Zilizosalia kumi na moja alizifunga kwa ajili ya pointi tu, na zilimgharimu shilingi 1,100. Kwa maneno mengine, aliilipia zawadi yake karibu mara mbili ya thamani yake. Tulipoigeuza ile vocha tukaona tarehe yake imepita mwezi uliotangulia. Nazo kuponi zilikuwa za sabuni ya maji ya kulainisha nguo, kitu ambacho nyumba ile haijapata kukitumia.

Mpwa wetu alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi nimekuwa nikidanganywa?" Swali lake ndilo lililotufanya tuandike makala haya, maana tunajua si yeye peke yake anayeweka mkebe juu ya kabati.

Jibu letu lilikuwa kwamba hakudanganywa. Hakupiga hesabu tu. Wazee wetu waliijua zawadi ya muuzaji zamani. Ukinunua nyanya Marikiti, Mombasa, muuzaji hukuongezea moja juu ya fungu, na sote twaiita nyongeza. Pale Giakanja mama wa mboga naye hutupia viazi viwili juu ya kopo lililojaa, nasi tulicheka kuona desturi ni moja ijapokuwa lugha ni mbili. Nyongeza ina sifa tatu: waipata papo hapo, waiona kwa macho, nayo ni ya kitu ulichokuwa unakihitaji. Pointi na kuponi ni nyongeza iliyoondolewa sifa hizo tatu. Yaja baadaye, haionekani, na mara nyingi hukuvuta kwenye kitu usichokuwa na haja nacho.

Jambo hili halikuzaliwa kwetu. Huko Marekani kampuni ya Coca-Cola iligawa kuponi za kinywaji cha bure tangu miaka ya 1880, na mwaka 1896 kampuni ya Sperry & Hutchinson ikaanzisha stempu za kijani ambazo mnunuzi alizibandika kitabuni mpaka zitimie, kisha akazibadilisha kwa vyombo vya nyumbani. Mwaka 1981 shirika la ndege la American Airlines likaanza kuwahesabia abiria maili walizosafiri. Shabaha ya wote hao ilikuwa moja: mteja arudi palepale bila kutazama bei ya jirani. Hilo si kosa katika biashara. Kosa ni la mnunuzi anayesahau kwamba hiyo ndiyo shabaha.

Kuna funzo kubwa zaidi ambalo sisi wa Kenya tulilipata kwa macho yetu. Nakumatt, duka lililopata jina lake kutokana na biashara ya magodoro mjini Nakuru, lilikua mpaka likawa na matawi Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na kadi yake ya pointi ilikuwa katika mikoba ya akina mama wengi, hata Nyali. Mwaka 2017 rafu zikaanza kubaki tupu. Mwezi wa Januari 2018 duka likawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura lifungwe. Mwenye pointi alijikuta nyuma kabisa ya foleni, baada ya mabenki na waliouza bidhaa kwa mkopo. Ndiyo maana tulimwambia mpwa wetu kwamba pointi si akiba. Akiba ni kitu ulichokishika au ulichomkabidhi mwenye amana. Pointi ni ahadi ya mfanyabiashara, na ahadi hiyo huenda na afya ya biashara yake.

Je, tuzitupe kadi zetu? La. Kilicho halali yako usikiache kikapotea. Lililo muhimu ni utaratibu, nasi twauleta hapa kama tulivyoupanga pamoja pale jikoni.

Kwanza, orodha itangulie kadi. Andika mahitaji ya nyumba kabla hujaona tangazo lolote: unga, mafuta, sukari, mchele, sabuni, nepi. Kuponi inayogusa kitu kilichomo katika orodha ichukue. Isiyogusa iache, hata ikiwa yapunguza nusu ya bei, kwani nusu ya bei ya kitu usichokihitaji bado ni hasara.

Pili, linganisha bei kwa kipimo, usilinganishe kwa pakiti. Gawanya bei kwa kilo au kwa lita. Mara nyingine pakiti mbili zilizofungwa pamoja na kuandikwa "ofa" huzidi bei ya pakiti moja kubwa iliyo rafu ya chini. Na tujue kiwango cha pointi: pointi moja ya shilingi moja kwa kila shilingi 100 ni punguzo la asilimia moja tu. Pakiti ya sukari ikiwa shilingi 200 dukani kwa pointi na shilingi 195 kwa muuza duka wa karibu, basi jirani amekwisha kukupa zaidi ya pointi, na hukupanda gari. Mpwa wetu anaishi katika nchi iliyo karibu na mashamba ya mpunga ya Mwea, na mchele wa pishori aweza kuupata sokoni kwa kipimo kizuri. Kuununua katika mfuko wenye urembo kwa sababu ya pointi ni kusahau alipo.

Tatu, komboa mapema na komboa kwa lazima. Usingoje pointi ziwe nyingi. Zikifika thamani ya mafuta ya kupikia, zitoe kwa mafuta ya kupikia, na fedha uliyookoa iweke kando siku hiyohiyo, vinginevyo itayeyuka katika matumizi na hutajua kama ulipata kitu. Vocha nayo iandikwe tarehe yake kwa kalamu nene na ibandikwe mlangoni pa kabati. Zile zitolewazo karibu na sikukuu zitumike kwa mahitaji ya mwanzo, kabla ya msongamano, wala zisingoje siku ya mwisho.

Nne, hesabu iwe yako. Risiti isomwe kabla ya kuondoka kaunta: je, punguzo lililoandikwa rafuni limeingia? Je, pointi zimeandikwa kwa namba yako? Karani asiye mwaminifu aweza kuingiza namba yake au ya rafiki yake pale mteja anaposema hana kadi. Na sisi kwa upande wetu tujichunge. Kudai pointi za manunuzi ya mwingine bila idhini yake, au kukata kuponi ya mtu mmoja na kuitumia mara kumi kwa majina ya kubuni, ni khiyana ijapokuwa thamani yake ni senti.

Tano, fungua na lile sanduku lililo mkononi. Wengi wetu tunazo pointi za Bonga za Safaricom, mpango ulioanza mwaka 2007, ambapo pointi moja hutolewa kwa kila shilingi 10. Kwa miaka mingi zilitumika kwa muda wa maongezi, ujumbe na simu. Mwaka 2020, wakati wa korona, zikaruhusiwa kulipia bidhaa dukani kwa njia ya Lipa na M-Pesa, na pointi moja ikahesabiwa senti 30. Kiwango hiki hubadilika, kwa hiyo piga *126# utazame thamani ya siku hiyo kabla hujafika kaunta, kisha linganisha: je, pointi hizo zina thamani zaidi zikilipia unga, au zikinunua data ambayo ungeinunua kwa fedha taslimu? Mwezi wa Oktoba 2022 kampuni ilitangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka mitatu zitafutwa, na tangazo hilo lilizua malalamiko mengi. Kwetu lilikuwa ukumbusho kwamba aliyetoa kanuni ndiye awezaye kuigeuza.

Sita, tujue tunachotoa badala yake. Kadi haiji bure. Duka hupata jina letu, namba ya simu, na habari ya kila tunachokula. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yampa kila mtu haki ya kujua habari zake zatumiwa vipi, na kukataa kuletewa matangazo. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, yampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yatakayomwezesha kufaidi kikamilifu alichokinunua. Basi kumwuliza karani "pointi hizi zaisha lini, na zafaa kwa bidhaa zipi?" si usumbufu, ni haki.

Lipo na jambo la dini ambalo wasomaji hutuuliza. Pointi anazotoa muuzaji kwa manunuzi halisi zafanana na punguzo au zawadi yake, na wengi hawaoni tatizo ndani yake. Lakini ipo tofauti kati ya hizo na ile michezo ambayo mtu hununua kitu asichokihitaji ili tu jina lake liingie katika droo ya gari au fedha. Hapo harufu ya kamari yajitokeza, na mwenye shaka amwendee sheikh wa mtaa wake amweleze sura ya jambo lenyewe. Kadhalika mtu asikope kwa riba ili akusanye pointi. Na israfu haigeuki kuwa uchumi kwa kupewa jina la ofa, hasa mwezi wa Ramadhani unapokaribia na maduka yanapopanga tende na unga wa ngano mlangoni.

Tulipomaliza, tulimwomba mpwa wetu apige ile namba kwa simu yake. Alikuta pointi 5,400 ambazo hakuwahi kuzitazama tangu anunue laini. Kwa kiwango cha mwaka 2020 zingekuwa shilingi 1,620. Siku ile kiwango kilikuwa chini ya hapo, lakini alipozijumlisha na zile 612 za dukani, fedha ya viatu ilitimia na chenji ikabaki. Kadi mbili kati ya tatu alizifunga. Ile ya tatu ameiweka katika mkoba, itoke tu siku anapokwenda kliniki. Na mkebe wa biskuti sasa hutia shilingi 100 kila safari asiyokwenda mjini.

Siku ya kuondoka kwetu, tulipitia kwa mama wa mboga kununua karoti za njiani. Alizipima, akafunga mfuko, kisha akaongeza mbili. Mpwa wetu akatutazama, akasema, "Hizi hazina tarehe, mama mdogo."

Dada zetu, kabla ya juma lijalo, teremsheni mikebe yenu, kaeni na watoto walio wakubwa, mhesabu pamoja. Mtoto anayejifunza leo kugawanya bei kwa kilo atajua kesho kuendesha nyumba. Atakayegundua jambo tusilolitaja na atuandikie, tuwanufaishe wengine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atie baraka katika riziki zetu, chache na nyingi. Wabillahi tawfiq.