Tumkumbuke Muhogo Mchungu

Tarehe 31 Desemba ya kila mwaka, wakati wengi wetu wanaposhughulika na kuupokea mwaka mpya, yafaa tukumbuke kwamba siku kama hiyo, mwaka 2009, alifariki dunia Mzee Rashidi Mfaume Kawawa. Wananchi wamjua kwa vyeo vyake: Waziri Mkuu mwaka 1962, Makamu wa Pili wa Rais baada ya Muungano, na Waziri Mkuu tena tangu 1972 hadi 1977. Lakini wazee wetu walimjua kwanza kwa jina jingine. Walimwita Muhogo Mchungu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Afrika Kusini ilikuja Tanganyika, kwa shauri la serikali ya kikoloni, kupiga picha za sinema kwa Kiswahili. Kawawa, kijana aliyesoma Tabora na kuingia kazi ya serikali, akawa mchezaji mkuu wa picha iliyoitwa Muhogo Mchungu. Alicheza mtu wa shamba, mwenye moyo safi na fedha mkononi, aingiaye mjini na kulaghaiwa na wajanja.

Watu walicheka sana, tena walimpenda. Walizoea kumwona Mwafrika katika sinema akiwa mpagazi tu, amefuata nyuma ya mwindaji wa Kizungu. Sasa walimwona mwenzao yuko mbele, asema lugha yao, na shida zake ni zao wenyewe. Wakoloni walitaka picha hizo ziwafunze watu adabu ya mjini. Lakini mwenye macho aliweza kupata humo fundisho lingine: mtu akiwa peke yake hupunjwa kwa urahisi.

Kawawa hakubaki katika sinema. Mwaka 1955 ulipoundwa Muungano wa Vyama vya Wafanyakazi wa Tanganyika, yeye ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza. Watumishi wa serikali walikuwa wamekatazwa kuingia TANU. Basi mwaka 1956 akauacha utumishi huo, akaingia. Yule aliyeigiza mtu mmoja anayepunjwa akaenda kuwaunganisha wengi ili wasipunjwe. Heshima kubwa kupita hiyo mchezaji wa sinema ataipata wapi?

Watu wa Mbwawa, na wenzao wa Kibaha na Kisarawe kwa jumla, hawahitaji kuelezwa maana ya jina lile. Muhogo mchungu hauliwi mbichi, kwa kuwa una sumu. Humenywa, hurowekwa, huanikwa juani, kisha hutwangwa kuwa unga. Mwenye haraka hujidhuru mwenyewe. Na leo haraka hiyo twaiona katika jambo la ardhi. Mji wa Dar es Salaam wazidi kupanuka kuelekea kwetu. Mnunuzi huja na motokaa nzuri na maneno matamu. Mwenye shamba la mikorosho aliloachiwa na babaye hutia dole gumba katika karatasi asiyoisoma, na fedha zikiisha huwa kibarua katika shamba lililokuwa lake. Naye mfanyakazi wa mjini aliyeweka akiba miaka mingi huuziwa kiwanja ambacho mwingine amekwisha kuuziwa. Hao wote wawili ni Muhogo Mchungu, wala hapana sababu ya mmoja kumcheka mwenziwe.

Kwa hiyo twawasihi wananchi: asiuze mtu ardhi kabla ya kukaa na mkewe na watoto wake. Asitie sahihi karatasi ambayo hajasomewa na mtu anayemwamini. Auzaye na anunuaye wote waende kwa viongozi wa mahali pale, mbele ya mashahidi na majirani wenye kuijua mipaka. Na viongozi nao wajue kwamba mhuri waliopewa ni amana. Anayeupiga kwa kuhongwa ni mjanja yule yule wa sinema.

Tena yafaa picha hiyo itafutwe, ionyeshwe shuleni na katika matawi ya Chama, ili vijana wamwone Mzee wetu alivyokuwa kijana, wacheke kama walivyocheka babu zao, kisha wafikiri. Wahenga walisema: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Kuerevuka huko ndiko kumbukumbu iliyo bora ya Rashidi Kawawa.