Nani Alimaliza wa Tano Edinburgh?

Mgahawa wangu uko karibu na stendi ya Kyela mjini. Wanaume wakishafika kikombe cha pili cha chai, huanza mchezo wao wa kutaja watu. Mmoja anamweleza mwanamichezo wa zamani bila kumtaja jina, wenzake wamtambue, na akiwashinda wanamlipia vitumbua. Nimeusikiliza mchezo huo nikikaanga mbasa kwa miaka mingi, na leo naulalamikia hadharani. Maswali yao ni ya kivivu.

Chukua John Stephen Akhwari. Sema tu "Mexico 1968, mguu una bandeji," hata mpiga debe aliye nje atadakia kabla hujamaliza. Ni kweli, siku ile Akhwari alifika wa mwisho kati ya 57 waliomaliza marathoni, zaidi ya saa moja nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Lakini niliwahi kuwauliza: Mtanzania gani alimaliza wa tano kwenye marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh, 1970? Wakatazamana. Mzee mmoja, dereva wa malori mstaafu, akanijibu, "Mama, huyo umemtunga."

"Sijamtunga, taata. Ni Akhwari yuleyule."

Hakuamini mpaka kijana mmoja alipotafuta kwenye simu. Siku aliyoumia tunaijua kwa moyo. Siku aliyokimbia mzima, na kuwaacha nyuma karibu wakimbiaji wote wa Jumuiya ya Madola, haituhusu.

Gidamis Shahanga ndiye ananichekesha zaidi. Edmonton 1978 alitwaa dhahabu ya marathoni. Brisbane 1982 akatwaa dhahabu ya mita 10,000. Ukiyataja hayo mawili kwa pamoja, mezani wanatafuta watu wawili, na safari moja waliishia kubishana kama ni kaka na mdogo wake. Filbert Bayi naye amebaki Christchurch, Februari 1974, akikimbizwa na John Walker na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500. Uliza Mtanzania aliyepata fedha Moscow 1980 katika mbio za kuruka viunzi na maji, watakutajia Suleiman Nyambui. Nyambui fedha yake ilikuwa ya mita 5,000, michezo ileile. Ile ya viunzi ni ya Bayi.

Na Juma Ikangaa, mwanajeshi wetu, anaitwa "wa pili wa Boston". Wa pili kweli, miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990, na ule wa kwanza Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita kwa sekunde moja tu. Katikati ya miaka hiyo, Novemba 1989, alishinda New York kwa saa 2:08:01, na hapo akavunja rekodi ya njia ile. Sijui kwa nini mtu aitwe kwa alichokosa.

Wanawake hawatajwi kabisa, kwa hiyo nawataja mimi nikiwa nashika mwiko. Nani aliyeleta medali kutoka Brazzaville mwaka 1965, Michezo ya kwanza ya Afrika? Theresia Dismas, fedha, kurusha mkuki, miaka tisa kabla ya Bayi kwenda Christchurch. Nani alikimbia mita 800 kwenye Olimpiki ya Moscow? Mwinga Mwanjala. Vitumbua vya siku hiyo nilikula mimi.

Sasa simu. Vijana wa bodaboda wanasema mchezo umekwisha, kila jibu liko mfukoni. Nami nawaambia waitafutie simu yao swali la hapa hapa jirani. Klabu gani iliwapiku vigogo wa Kariakoo na kuupandisha ubingwa wa Tanzania Bara milimani kwetu mwaka 1986? Hilo hata simu haihitajiki, Tukuyu Stars, kila mtu anajua. Haya, nitajie kikosi. Nani alikuwa golini? Beki wa kushoto alitokea timu gani, na baada ya ubingwa alikwenda wapi? Simu inajua sekunde ya Boston, lakini haijui aliyekaa benchi Tukuyu, mwendo mfupi wa Noah kutoka hapa. Mezani nako kila mzee ana kumi na moja wake. Wengine wanawajua wachezaji kwa majina ya utani waliyoyasikia redioni tu, na jina moja la utani linaweza kuwa na wenyewe watatu.

Waliocheza mwaka ule wengi wao sasa ni watu wa umri wa miaka sitini na kitu. Baadhi wanaishi mikoa hii hii, na waliokuwa wakiwashangilia bado wanapanda mabasi ya Mbeya kila wiki. Nashangaa halmashauri za Rungwe na Kyela, na chama cha mpira cha mkoa, wanasubiri nini. Kazi yenyewe inahitaji kaunta buku la kwaya tatu na kijana mwenye mwandiko mzuri. Aandike jina kamili, alikozaliwa, namba aliyocheza, timu aliyotoka, timu aliyokwenda na mwaka. Jina la utani liandikwe pembeni. Kila ukurasa uwekwe sahihi na wachezaji wawili wa kikosi hicho, maana mashabiki tutabishana mpaka chai ipoe. Wakimaliza Tukuyu Stars waingie riadha za shule na za majeshi, na humo wasichana waandikwe kwanza.