Nyumba ya Asiyezaliwa

Msafiri akifika London, mtaa wa Baker Street, huonyeshwa nyumba ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi mashuhuri, aliyokaa na sahibu yake Daktari Watson. Hulipa kiingilio, akapanda ngazi, akaona viti vyao kando ya moto, na kiko, na fidla. Walakini Holmes hakuzaliwa wala hakufa. Ni mtu wa hadithi, aliyezuliwa na Arthur Conan Doyle na kutokea chapani mwaka 1887, na wakati huo hata nambari 221B haikuwako mtaani humo.

Vyombo vyake vilijulikanaje basi? Vilijulikana kwa kuandikwa. Doyle alieleza kuwa Holmes akiweka sigara zake nene katika ndoo ya makaa, na tumbaku katika ncha ya kiatu cha Kiajemi. Na barua asizozijibu akizichoma kisu juu ya ubao wa meko. Kwa maneno hayo Waingereza walikipamba chumba chake kwa maonyesho ya mwaka 1951, kisha mwaka 1990 wakafungua makumbusho.

Nasi tunaye mpelelezi wetu, Bwana Msa, wa marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, tangu Mzimu wa Watu wa Kale kilipochapwa mwaka 1960. Naye ana kiko chake, na sahibu yake Najum. Ni nani aliyemtengea japo kigoda?

Lakini tusimlilie wa hadithini, hali wazee wetu waliishi kweli. Ziko wapi samadari zao, makasha ya njumu, viti vya enzi, na marufaa ya kuwekea msahafu? Vingi vimeuzwa kwa bei ya kutupa, vikapambe majumba ya wageni. Lamu ilitiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, na pale pana nyumba moja ya Kiswahili iliyohifadhiwa na vyombo vyake. Ni jambo la heri. Ila moja haitoshi, na sifa ya mji hailindi kasha lililo chumbani kwako.

Dini yatukanya israfu na kujifaharisha. Kutunza amana si fahari.

Basi, kabla ya kumwita mnunuzi, muulize nyanya jina la kila chombo, kilitoka wapi na kilitumiwaje, ukaandike. Nanyi watunzi, mkimweka mtu ndani ya nyumba, tutajieni alichokalia. Chombo kikiuzwa na jina lake lisiandikwe, mjukuu hatajua hata cha kutafuta.