Boda ya Stima: Uliza Betri, Sio Kilomita

Wasee wa boda, kabla ununue pikipiki ya stima, achana na zile kilomita za kwenye bango. Uliza betri ni wati-saa ngapi. Hesabu ni rahisi: volti 72 mara ampea-saa 40 ni 2,880. Ikila 36 kwa kilomita, unafika 80. Ukibeba mzigo ama ukipanda mlima, zinapungua.

Betri ya pili kama hiyo itakupea karibu mara mbili, lakini usikubali iunganishwe ovyo. Moja ikiwa imejaa na nyingine imeisha, stima inaruka kwa nguvu, waya zinaungua.

Kwangu, kuficha wati-saa ni wizi wa mchana. Chaji ikiisha na uko na abiria nyuma, muuzaji hatakuja kukusukuma.