Begi la mgeni, mkono wa askari

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na makali yake yanafika hadi porini. Nchini Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inampa askari wa wanyamapori mamlaka ya kupekua gari, hema na mizigo bila hati. Mamlaka hayo nayaunga mkono kwa moyo wote: meno ya tembo yaliyofichwa chini ya kiti asubuhi, jioni hayapo tena. Lakini sheria hiyohiyo inamtaka askari awe na sababu za msingi za kuamini kwamba kosa limetendeka au liko karibu kutendeka. Nyumba ya kuishi haiingiwi bila hati, isipokuwa awepo shahidi huru. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inaagiza mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha, na mali inayokamatwa itolewe stakabadhi. Masharti haya hayamfungi askari mikono, yanamlinda. Kesi nyingi za nyara huyumba mahakamani kwa sababu ya upekuzi uliofanywa ovyo, na jangili akaenda zake. Basi tuyabandike masharti hayo kwenye kila lango, kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mgeni atafungua begi lake bila kinyongo akijua haki yake, na askari atalikagua bila hofu akijua mipaka yake. Tembo hahifadhiwi kwa kumdhalilisha binadamu.