Chama Kilichozaliwa na Wafanyakazi: Barua kutoka London

Kwa ndugu mlioko nyumbani Tanzania,

Chama cha Labour cha Uingereza ni cha mrengo wa kushoto wa wastani, yaani hutaka kupunguza pengo kati ya matajiri na maskini kwa kura na sheria, si kwa mapinduzi. Mara nyingi husimuliwa kana kwamba kilitokana na vitabu vya wasomi, ilhali historia yake yaonyesha vingine.

Tarehe 27 Februari 1900 wajumbe wa vyama vya wafanyakazi walikutana London na wajamaa wa Independent Labour Party, chama cha Keir Hardie kilichoasisiwa Bradford mwaka 1893, pamoja na Wafabiani, jumuiya ya mwaka 1884 iliyoamini kuwa ujamaa hufikiwa hatua kwa hatua. Walichounda ni kamati ya kuwapeleka wafanyakazi bungeni, wala haikuwa na itikadi rasmi. Vyama vingi vya wafanyakazi vilisita kujiunga hadi mwaka 1901, Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya mwisho ya rufaa, lilipoamua katika kesi ya reli ya Taff Vale kwamba chama kinaweza kudaiwa fidia ya hasara iliyoletwa na mgomo. Hapo ikadhihirika kuwa sheria hiyo ingebadilishwa bungeni tu, na mwaka 1906 kamati ikapata wabunge 29, ikajiita Labour, na hukumu ile ikatenguliwa kwa sheria mpya.

Itikadi ilifuata mwaka 1918, Mfabiani Sidney Webb alipoandika Kifungu cha 4 kuhusu umiliki wa pamoja wa njia za uzalishaji mali. Mwaka 1995, chini ya Tony Blair, kifungu hicho kiliandikwa upya, lakini vyama vya wafanyakazi vilibaki ndani ya chama.

Kwetu Tanzania, Mwalimu Nyerere, aliyesoma Edinburgh kati ya 1949 na 1952, alizifahamu fikra za Kifabiani, na Azimio la Arusha la 1967 nalo likaweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Uhusiano wa chama na wafanyakazi, hata hivyo, ulikuwa kinyume: baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, shirikisho huru la wafanyakazi, TFL, lilivunjwa, na sheria ikaunda umoja mmoja wa wafanyakazi, NUTA, ambao katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais. Uingereza wafanyakazi waliunda chama. Tanzania chama kilichotawala kiliwaundia wafanyakazi umoja wao.

Basi anayeahidiwa leo chama cha wanyonge na aulize kwanza ada zinalipwa na nani, na kama walipaji hao wana uwezo wa kumwondoa kiongozi.

Wasalaam.